Barua ya Mwenyekiti si Talaka

Swali: Wakili, mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 4. Nauza mitumba hapa Busia. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni za Juba. Mwaka 2012 alitoa mahari ng'ombe sita kwa baba yangu, na mwaka 2015 tukafunga ndoa Kanisa la Uganda. Cheti ninacho. Sasa ana mwanamke Juba na amezaa naye. Mwezi uliopita alikuja na baba zake wadogo, wakakaa na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, wakaandika barua kwamba ndoa yetu imekwisha: mimi niondoke, watoto wabaki kwa ukoo wao, baba yangu arudishe ng'ombe. Nilisaini kwa woga, maana ameshanipiga mara mbili. Kiwanja tulichojenga kina mkataba wa mauziano wenye jina lake peke yake, hati haijatoka, na nasikia anatafuta mnunuzi. Je, nimeshaachwa? Nikienda mahakamani nitabaki na nini?

Jibu: Dada yangu, pole sana. Hujaachwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi, na kwa sababu mengine yote nitakayokueleza yanasimama juu yake.

Ndoa ya kanisani hapa Uganda huvunjwa na mahakama tu. Mwenyekiti wa LC ana kazi yake: kuita kikao, kusuluhisha, kuandika barua ya utambulisho, hata kusikiliza mashauri madogo ya kijiji. Lakini muhuri wake haufuti cheti cha ndoa. Wazee wa ukoo hawawezi kukifuta, na mchungaji aliyewafungisha naye hawezi. Mpaka hakimu atamke, wewe ni mke halali wa huyo bwana. Akithubutu kufunga ndoa nyingine, iwe ya bomani, ya kanisani au ya kimila, atakuwa ametenda kosa la jinai ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Kuishi tu na mwanamke Juba si kosa hilo. Uzinzi wenyewe si jinai tena Uganda tangu Mahakama ya Katiba ilipokifuta kifungu chake mwaka 2007, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda polisi kumshitaki kwa hilo. Uzinzi ni hoja ya mahakama ya talaka.

Barua uliyosaini usiichane. Tafuta nakala yake uitunze. Kisha wewe nawe andika barua fupi kwa mwenyekiti, ukitaja tarehe ya kikao, waliokuwapo, na kwamba ulisaini kwa kuogopa kwa sababu ulikuwa umeshapigwa. Mpelekee, na nakala ya kwako igongwe muhuri kuonyesha imepokelewa. Siku ya kesi, barua yao itakuwa ushahidi kwamba ni mumeo na jamaa zake waliotaka kukutoa nyumbani, na yako itaonyesha kwamba hukuondoka kwa hiari. Kuanzia leo usisaini karatasi nyingine yoyote ya kutengana kabla wakili hajaisoma. Sababu yake nitaifikia kwenye nyumba.

Nimekaa katika vikao vya namna hii kwa miaka mingi, na karibu kila mara naona kamba ileile. Wanaume wa ukoo huchukua mambo matatu, yaani ng'ombe, watoto na nyumba, wakayafunga katika karatasi moja. Mwanamke akitaka watoto anaambiwa ng'ombe hawajarudi. Baba yake akisema ng'ombe hana, anaambiwa basi binti yako asidai nyumba. Hofu ya jambo moja inatumika kumnyang'anya lingine. Sheria inayatenga mambo haya, kila moja na mlango wake, na nakuomba uyatenge hivyo hivyo kichwani mwako kabla hujatoka nyumbani kwenda kwa mtu yeyote.

Tuanze na ng'ombe, maana ndio wanaomtesa baba yako. Shirika la MIFUMI, ambalo chimbuko lake ni Tororo, jirani zako kabisa, lilikwenda mahakamani kupinga desturi ya mahari. Lilishindwa Mahakama ya Katiba mwaka 2010, likakata rufaa, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku. Anayetaka kutoa na atoe, anayetaka kupokea na apokee. Kilichotangazwa kuwa kinyume cha Katiba ni kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika. Majaji waliona kwamba kudai ng'ombe warudi ni kumfanya mwanamke kitu kilichonunuliwa sokoni, ambacho mnunuzi akikichoka anadai fedha yake. Waliona pia kwamba wanawake wengi hubaki kwenye ndoa za kipigo kwa sababu wazazi wao hawana cha kurudisha. Baba yako, basi, hadaiwi hata kwato. Najua bado wapo wazee wanaosema hukumu za Kampala haziwahusu. Zinawahusu. Uamuzi wa Mahakama ya Juu unaifunga kila mahakama ya chini yake, na hakuna hakimu wa Busia atakayeamuru zizi la baba yako lifunguliwe.

Sasa nyumba. Hapa ndipo siku zinakwenda mbio, na hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini zaidi.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho ya mwaka 2004, inaitambua ardhi ya familia: mahali mnapoishi kama familia, au shamba mnalopata chakula chenu. Ardhi hiyo haiuzwi, haiwekwi rehani, haigawiwi mtu bila idhini ya mwenzi wa ndoa anayeishi hapo. Haijalishi jina lililo kwenye karatasi. Mumeo akiuza bila idhini yako, mauzo hayo ni batili, na mnunuzi atabaki kumdai yeye fedha zake. Haki hiyo ya kukaa na kukataa ni yako kwa kuwa ni mke. Lakini sheria hiyohiyo inasema ulinzi huo hauwahusu wenzi waliokwisha kutengana kisheria. Ndiyo maana nikasema usisaini karatasi nyingine ya kutengana, na ndiyo maana nakusihi usihame nyumba hiyo ila kama maisha yako yako hatarini. Ukihama kwa aibu ya majirani, unamrahisishia kazi.

Kama hati ingekuwapo, tungekwenda ofisi ya ardhi kuweka zuio, ambalo wengi hapa huliita kaveti. Sheria inamruhusu mwenzi kuliweka, na halifi maadamu haki yake ya kukaa ipo. Kwa kuwa mna mkataba wa mauziano tu, fanya hivi: andika barua ya pingamizi, ueleze kwamba hiyo ni ardhi ya familia, wewe ni mke wa ndoa na hujatoa idhini ya kuuza. Ambatisha nakala ya cheti cha ndoa. Mpelekee mwenyekiti wa LC, kamati ya ardhi ya eneo lenu na bodi ya ardhi ya wilaya, na kila nakala yako igongwe muhuri. Mnunuzi mwenye akili huuliza kwanza mke yuko wapi, na barua hiyo ndiyo itakayomjibu. Ukisikia bei imeshatajwa, usingoje. Wakili ataomba amri ya muda ya kuzuia mauzo.

Kuna mtego mmoja ambao umewaponza wanawake wengi. Watakuletea mkataba wa mauziano, wakuambie, "Mama, weka saini hapa kama shahidi tu." Usiweke. Saini ya shahidi huja kusomwa baadaye kama dalili kwamba ulijua na ulikubali.

Umeuliza utabaki na nini. Sitakudanganya: Uganda hakuna sheria inayosema mali igawanywe nusu kwa nusu pale tu ndoa inapovunjika. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilieleza jambo hili katika shauri ambalo sisi mawakili hulitaja karibu kila wiki. Mtu haachi haki yake ya kumiliki mali yake kwa sababu tu ameoa au ameolewa, na mali ya mmoja haigeuki kuwa ya wote wawili kwa kufunga ndoa. Mahakama hutazama mchango. Na mchango si fedha tu iliyonunua bati. Kuna mchango wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja: aliyelipa karo na chakula ili mwenzake apate kununua matofali naye amejenga. Aliyekaa na watoto mume akiwa njiani wiki tatu naye amejenga, ingawa kwa hilo mahakimu hutofautiana katika kipimo, wengine hutoa sehemu kubwa, wengine ndogo.

Kwa hiyo kesi yako ya nyumba itashinda au kushindwa kwa karatasi na mashahidi, na kazi ya kuzikusanya inaanza jioni ya leo. Daftari la chama chenu pale sokoni linaloonyesha ulichukua mkopo mwezi gani, na msingi ulichimbwa mwezi gani. Ujumbe wa simu wa fedha ulizomtumia fundi. Risiti za saruji hata kama zimefifia, zipige picha. Jina la fundi aliyekuwa akipokea mshahara wake mkononi mwako. Jirani aliyekuona ukiteka maji ya kumwagilia ukuta. Risiti za shule za watoto. Wanawake wengi hunijia wakisema, "Wakili, kila mtu anajua tulijenga wote." Hakimu hamjui kila mtu. Anajua kilichowekwa mezani pake. Weka nakala kwa ndugu unayemwamini, zisikae zote nyumba moja na mumeo.

Watoto. Hapa naandika kama mzazi pia.

Hakuna kifungu cha sheria ya Uganda kinachosema watoto ni wa ukoo. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 31, inampa mwanamume na mwanamke haki sawa wanapooana, wakiwa ndani ya ndoa, na hata ndoa inapovunjika. Na inasema kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi wote wawili. Sheria ya Watoto, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka hakimu aweke mbele maslahi ya mtoto kuliko kitu kingine chochote: nani anamlisha, nani anajua dawa anazotumia, shule iko wapi, nani hampigi, na mtoto mwenyewe anasemaje kwa kadiri ya umri wake. Mkubwa wako wa miaka 11 anaweza kabisa kusikilizwa. Wa miaka 4, kwa desturi ya mahakama zetu, ni nadra kuondolewa kwa mama bila sababu nzito. Na mume ambaye wiki tatu kati ya nne yuko barabarani atakuwa na kazi ya kueleza ni nani hasa atakayelea. Mara nyingi jibu huwa ni bibi mzee, au yule mwanamke mwingine.

Matunzo ya watoto hayangoji talaka. Wengi hawalijui hili, wanakaa miaka wakisema watadai kesi ikiisha. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, kwa yule afisa watu humwita probeshoni. Atamwita mumeo na kujaribu kuwapatanisha kuhusu karo, chakula na matibabu. Akikataa, Mahakama ya Familia na Watoto inaweza kutoa amri ya matunzo, na kwa shauri hilo unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Nenda na hesabu iliyoandikwa: karo ya muhula, sare, daftari, posho, hospitali. Ukisema tu "hatunzi watoto" utapata huruma. Ukiweka hesabu mezani utapata kiasi.

Kuna lisiloandikwa katika sheria yoyote, nami nimeliona likiumiza zaidi ya hukumu. Ni mtoto kufanywa tarishi. "Mwambie baba yako karo." "Mwambie mama yako hana aibu." Huyo wa miaka 11 tayari amesikia kile kikao, amini usiamini, nyumba zetu kuta zake ni nyembamba. Anaweza kuanza kushuka darasani, au kuwa mkimya, au kupigana. Mweleze kwa maneno machache kwamba wewe na baba yake mna ugomvi wa watu wazima, si kosa lake, naye hatatakiwa kuchagua. Kamwambie na mwalimu wake. Tena, hata kama moyo unakuwaka, usiwafungie watoto wasimwone baba yao anaporudi safari, ila kama anawadhuru. Mahakama huangalia pia ni mzazi gani anayeheshimu uhusiano wa mtoto na mwenzake, na watoto hao watahitaji baba hata wewe ukishaacha kuhitaji mume.

Kuhusu talaka yenyewe, sikuambii uiombe wala usiiombe. Ni uamuzi wako, na hauna haraka kama nyumba ilivyo na haraka. Sheria ya Talaka tuliyo nayo ni ya mwaka 1904, ya zama za Waingereza. Ilimruhusu mume kuomba talaka kwa uzinzi wa mke peke yake, lakini mke ilimtaka aongeze juu ya uzinzi jambo jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Chama cha mawakili wanawake, FIDA Uganda, kiliipinga, na mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ikasema ubaguzi huo hauwezi kusimama. Tangu hapo sababu zilezile zinawafaa wote wawili: uzinzi, ukatili, kutelekezwa miaka 2 au zaidi. Kwa uliyonieleza, mbili za kwanza unazo, ukiwa na ushahidi.

Utaratibu unaanza kwa ombi mahakamani, mumeo anapelekewa nakala, mnapitia usuluhishi, na mkishindwa mnasikilizwa. Hakimu akiridhika hutoa hukumu ya awali, na lazima ipite miezi 6 kabla ya ile ya mwisho inayovunja ndoa kabisa. Kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuoa wala kuolewa. Wakati kesi inaendelea unaweza kuomba matunzo yako mwenyewe, na kwa matunzo hayo ya muda sheria imeweka kikomo cha sehemu moja ya tano ya wastani wa kipato cha mume cha miaka 3 iliyotangulia. Tahadhari moja: mumeo akija na maneno matamu kwamba mkubaliane mtakachomwambia hakimu ili yaishe haraka, kataa. Mahakama ikigundua kwamba wenzi wamepanga ushahidi pamoja, ombi hutupwa. Vivyo hivyo ukimsamehe uzinzi na mkarudiana kama mke na mume, uzinzi huo hauwezi tena kuwa hoja yako. Kama dini yako au moyo wako haukuruhusu talaka, kuna kuomba mahakama iwatenganishe bila kuvunja ndoa. Ila kumbuka nilichosema juu ya haki ya nyumba na waliotengana kisheria. Zungumza na wakili kwanza.

Vipigo ulivitaja kwa maneno manne, kama jambo la kupita. Kwangu si la kupita. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inahusu kipigo, vitisho, matusi, na hata kukunyima fedha ili ushindwe kuishi. Hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi inayomzuia kukukaribia au kukutoa nyumbani. Akikugusa tena, nenda polisi, dawati la familia na watoto, uombe fomu ya PF3 ya uchunguzi wa daktari siku hiyohiyo, kabla alama hazijapona. Vile vipigo viwili vya nyuma, andika tarehe unazokumbuka na nani aliona. Na kama siku moja itabidi ukimbie, kimbia na watoto na cheti cha ndoa. Kukimbia kuokoa roho si kuhama nyumba.

Kwa wengine wanaosoma: majibu haya ni ya ndoa ya kanisani. Ndoa ya Kiislamu ina sheria yake ya mwaka 1906 na talaka yake hufuata dini, ingawa matunzo ya watoto ni yaleyale. Na mlioishi pamoja miaka kumi bila mahari wala cheti, sheria ya Uganda haiwatambui kama mke na mume. Watoto wenu wana haki zote, lakini nyumba utaidai kwa kuthibitisha ulichoweka, si kwa kuwa mke.

Fedha ya wakili isikuzuie. FIDA Uganda, Justice Centres Uganda na mpango wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society husaidia wasio na uwezo, na afisa wa ustawi wa jamii anaweza kukuelekeza kwa walio karibu nawe. Nenda na cheti cha ndoa, nakala ya ile barua, na lile daftari la chama.

Kabla ya yote hayo, kesho asubuhi mpigie baba yako. Mwambie wakija tena kudai ng'ombe asigombane nao wala asiahidi hata mbuzi. Awape viti, awape chai, kisha awaombe wamwandikie dai hilo kwa karatasi na waweke saini zao, ili mwanasheria wa binti yake alisome.